Nimefunga, nimekesha, nimevunja laini ya simu, na bado nabeti

SWALI

Bwana Yesu asifiwe Mama, na shikamoo.

Mimi ni mwanaume wa miaka 36, nina mke na watoto wawili, naishi Makambako na nina kibanda cha spea za bodaboda. Ni Mlutheri wa kuzaliwa. Naimba besi kwenye kwaya ya usharika na ndiye mhazini wa kwaya hiyo. Nasema haya ili ujue mimi siyo mtu wa kwenda kanisani Krismasi na Pasaka tu.

Shida yangu ni kubeti. Nilianza na mikeka ya mpira, yaani tiketi za kubashiri mechi, ya mia tano na ya buku, kama vijana wengine wa stendi. Siku moja mkeka ukatiki, nikapata laki tatu na ushee. Nilinunua godoro, nikatoa fungu la kumi, nikamshukuru Mungu kabisa. Baadaye nikahamia kwenye kindege, ule mchezo wa kamari wa kwenye simu. Kile hakisubiri Jumamosi. Unacheza dukani, unacheza chooni, na Mungu anisamehe, nimewahi kucheza mahubiri yakiendelea, simu nimeificha ndani ya kitabu cha nyimbo.

Mwaka jana niligusa pesa ya kwaya. Tulikuwa tunachanga kununua kinanda. Nilichukua kidogo nikarudisha, nikachukua tena nikarudisha, halafu ikafika mahali sikuweza kurudisha. Ilikuwa laki sita na arobaini. Mwenyekiti alipoitisha hesabu nikakimbilia mkopo wa kausha damu, nikajaza pengo. Hesabu ikasomwa safi na watu wakanipigia makofi. Mkopo huo naulipa kila wiki mpaka leo. Mke wangu anachojua ni kwamba biashara imekuwa ngumu.

Sasa Mama, usidhani sijapigana. Nimefunga kavu, siku tatu bila hata maji. Nimekesha kwenye maombi. Nilienda mpaka Mbeya kwenye huduma moja nikaombewa roho ya kamari initoke, nikaanguka chini, nikapakwa mafuta, nikaambiwa nimefunguliwa. Usiku ule ule niliporudi nilivunja laini kwa meno. Jumatatu nilikuwa kwa wakala naweka alama za vidole kusajili nyingine. Kwenye ukurasa wa mwanzo wa Biblia yangu nimeandika nadhiri, nikaweka saini na tarehe. Sasa zimekuwa nyingi hadi naona aibu kuifungua Biblia mbele za watu.

Kinachonishangaza, nikiwa kwenye mfungo sibeti. Ila siku ya kufungua, kabla uji haujapoa, nimeshaingia. Ni kama nimelipwa ruhusa.

Nilimgusia mzee mmoja wa kanisa, kwa kuzunguka, kana kwamba ni habari za rafiki yangu. Akasema, "Mwambie huyo rafiki yako amwachie Mungu, asitumie nguvu zake." Nikarudi nyumbani nikajaribu kumwachia Mungu. Sikufunga, sikukesha, nikasema Bwana, mambo ni yako. Wiki hiyo nikapoteza mtaji wote wa tairi.

Nikipigana naanguka, nikiacha kupigana naanguka zaidi. Huko kumtegemea Mungu kunafanywaje? Au mimi nimeshakataliwa kama mfalme Sauli, ndiyo maana naomba sijibiwi? Tafadhali usitaje jina.

Besi, Makambako

JIBU

Marahaba mwanangu, na Bwana asifiwe milele.

Katikati ya barua yako kuna maneno ambayo umeyaandika ukayapita haraka. Umesema ukiwa kwenye mfungo hubeti, na siku ya kufungua unaingia kana kwamba umelipwa ruhusa. Naomba tukae hapo kwanza, Sauli atasubiri.

Mfungo wako umegeuka mkeka. Unaweka njaa ya siku tatu, unaweka mkesha, unaweka nadhiri yenye saini, halafu unasubiri utiki. Ukichanika unaongeza dau: kutoka mfungo wa kawaida kwenda mfungo kavu, kutoka usharikani kwenu kwenda Mbeya. Na kama mcheza kamari yeyote, unaamini dau kubwa linalofuata ndilo litakalorudisha yote. Sikukejeli. Nimewaona watu wa maombi wakiishi hivyo hivyo na pombe, na hasira, na nyumba ndogo, na kwa kuwa kilichoko mezani ni Biblia, hakuna anayeshtuka kwamba zinazochezeshwa ni nguvu za mtu yule yule.

Paulo aliwauliza Wagalatia, "Baada ya kuanza katika Roho, mnataka kukamilishwa sasa katika mwili?" Tukisikia "mwili" tunafikiria baa na gesti. Lakini Wagalatia hawakuwa wamerudi kwenye ulevi. Walikuwa wameshika tohara na kuadhimisha siku na miezi, mambo ya dini kabisa, wakitaka kumalizia wenyewe kazi ambayo Mungu ameianza. Kwa hiyo mtu anaweza kutumia nguvu zake za kibinadamu akiwa amepiga magoti, tena akiwa hajala.

Wewe ni Mlutheri, basi nikukumbushe mwenye jina. Martin Luther aliingia utawa pale Erfurt mwaka 1505, akafunga, akakesha, akajitesa kwa baridi, na alipokwenda kuungama alikaa saa nyingi akichambua dhambi moja moja mpaka Staupitz, mkubwa wake, akachoka naye. Alikuja kusema baadaye kwamba kama kuna mtawa ambaye angeingia mbinguni kwa utawa wake, basi yeye angekuwemo. Amani hakuipata kwa njia hiyo. Mwaka 1529 alipoandika Katekisimu Ndogo, maelezo ya fungu la tatu la Imani aliyaanza kwa kukiri kwamba kwa akili zake na kwa nguvu zake hawezi kumwamini Yesu Kristo wala kumwendea, ila Roho Mtakatifu ndiye aliyemwita kwa Injili. Ulikariri hayo kwenye darasa la kipaimara ukiomba mwalimu asikuulize wewe. Kayasome upya leo ukiwa mtu mzima mwenye deni. Kama hata kuamini hatukuweza wenyewe, hicho kindege ungekiwezaje?

Sisemi usifunge. Bwana wetu alifunga. Ila kwa sasa, mpaka mambo ninayokuambia hapa chini yafanyike, acha kufunga kavu. Kula, kunywa maji. Kwako mfungo umekuwa maficho.

Nije kwa mzee wa kanisa. Hakusema uongo, alisema nusu, na hakujua anazungumza na mgonjwa mwenyewe kwa sababu ulijificha nyuma ya rafiki. "Mwachie Mungu" ni neno zuri ambalo tumelizoea vibaya. Tunalitumia kufunga mazungumzo: mtu analia, hatuna la kumwambia, tunamwambia amwachie Mungu, tunaaga. Wewe ukalichukua kama lilivyo, ukakaa na simu ile ile, laini ile ile, siri ile ile, ukasubiri.

Soma 2 Nyakati sura ya 20. Mfalme Yosafati amesikia jeshi kubwa la Moabu na Amoni linakuja. Anatangaza mfungo, ndiyo, ila angalia anafungia wapi. Anawakusanya Yuda wote nyumbani mwa Bwana, na wake zao, na watoto wachanga, na mbele ya macho ya wote hao mfalme anaomba akisema hatuna uwezo, "wala hatujui tufanyeje, lakini macho yetu yatazama kwako." Mfalme! Mbele ya wanajeshi wake, na mbele ya akina mama wenye watoto mgongoni. Hakulimaliza hilo chumbani kwake ili kesho atoke na uso wa ushindi. Halafu wakajibiwa kwamba vita si yao, ni ya Mungu. Je, walilala? Waliambiwa kesho washuke kumkabili adui, na asubuhi na mapema wakatoka, waimbaji wakiwa mbele. Wewe mtu wa kwaya hapo utapaelewa kuliko mimi.

Kumtegemea Mungu kwa Yosafati kulikuwa na mambo mawili ambayo hujayafanya hata moja: kukiri udhaifu mbele ya watu waliomhusu, na kutoka kesho yake kwenda mahali alipoambiwa aende. Mfungo wa siri ungemwachia heshima yake yote.

Sasa tumtazame Sauli. Samweli alipombana, Sauli alisema kweli amekosa. Alikiri! Lakini akaongeza: uniheshimu mbele ya wazee wa watu wangu na mbele ya Israeli. Soma 1 Samweli 15, aya ya 30. Alitaka kusamehewa na aendelee kuonekana. Daudi, ambaye dhambi yake kwa macho yetu ni mbaya kuliko ya Sauli, alipoambiwa na Nathani hakuomba heshima yoyote. Umeuliza kama umekataliwa kama Sauli. Hujakataliwa, mwanangu. Ila unashika kitu kile kile alichokishika.

Hesabu silaha zako. Mfungo, mkesha, nadhiri kwenye Biblia, kuvunja laini usiku, huduma ya mji mwingine ambako hakuna anayekujua. Zote zinaweza kutumika bila mtu hata mmoja wa Makambako kujua lolote. Hukuzichagua kwa bahati. Ulizichagua kwa sababu zinakuacha mhazini, besi, na baba wa nyumba mwenye biashara ngumu. Hizo ndizo nguvu zako za kibinadamu, wala siyo misuli: ni uwezo wako wa kuonekana mzima. Na huo ndio hujawahi kumpa Mungu hata siku moja. Watu wa Mbeya sitawasema vibaya, walikuombea. Lakini hata kama kulikuwa na pepo akatoka, deni lilibaki na siri ilibaki.

Yakobo anaandika, "Ungameni dhambi zenu ninyi kwa ninyi, na kuombeana, mpate kuponywa." Wazee wetu wa Uamsho ule ulioanzia Gahini, Rwanda, miaka ya 1930, ukapita Uganda ukafika mpaka Bukoba, waliishi kwa neno hilo. Waliita kutembea nuruni. Watu waliungama, wakarudisha walivyoiba, na jioni wakakutana nyumbani kwa mtu kuombeana tena. Kuna waliopitiliza, wakaungama hadharani mambo ambayo yaliwaumiza wengine zaidi ya kuwaponya, kwa hiyo sikutumi usimame Jumapili na kipaza sauti. Nakutuma kwa watu wachache.

Wa kwanza ni mkeo. Mwambie leo au kesho, watoto wakiwa wamelala, na umwambie kiasi kamili: deni, riba, tairi, pesa ya kwaya. Usimpe nusu ukaacha nyingine ya kumwambia akishatulia. Na usimwekee mezani mistari ya msamaha. Ana haki ya kukasirika, ana haki ya kulala chumba cha watoto, ana haki ya kumpigia dada yake. Kama wewe ndiye unayemtegemea Mungu, basi umwachie Mungu na hilo pia, mke atakavyolipokea.

Wa pili ni mchungaji wako, na kupitia kwake mwenyekiti wa kwaya. Najua utasema pesa imesharudi, kwa nini kuchokonoa? Kwa sababu wanakwaya wanakuamini kwa hesabu ambayo unajua jinsi ilivyotengenezwa, na mwakani watakukabidhi mchango mwingine. Achia uhazini wiki hii. Mlevi hawekwi kulinda pombe, hata akiwa ametubu kweli. Kanisa linaweza kukuweka chini ya marudi, yaani nidhamu ya kanisa, kwa muda. Pokea.

Wa tatu ni huyo wa kausha damu. Nenda na mkeo, siyo peke yako, mkaombe deni liandikwe lilipofikia na mpange malipo mnayoyaweza. Usikope kwingine kumlipa.

Kuhusu simu: pesa za duka ziingie kwenye laini ya mkeo kuanzia sasa. Omba kampuni za kubeti zifunge akaunti zako moja kwa moja. Chukua kitochi. Kitochi hakina kindege, ingawa mikeka bado inaingia kwa menyu, kwa hiyo bila kuhamisha pesa kitochi peke yake hakitoshi.

Utaniambia, Mama, si hizi ndizo mbinu za kibinadamu ulizozikataa? Hapana. Mwenye kujitegemea ndiye anayebaki na simu janja mfukoni "kwa imani", ili aonyeshe kwamba ameshinda. Anayekabidhi pesa kwa mkewe anasema wazi, kila siku, kwamba hawezi. Wafilipi 2 inasema tuutimize wokovu wetu kwa kuogopa na kutetemeka, na aya inayofuata inasema Mungu ndiye atendaye kazi ndani yetu, kutaka kwetu na kutenda kwetu. Paulo hakuona ugomvi kati ya aya hizo mbili.

Na kuna daktari. Shirika la Afya Duniani limeiweka kamari iliyomzidi mtu kwenye orodha yake ya magonjwa, ile inayoitwa ICD-11, iliyoanza kutumika mwaka 2022. Michezo hii hukushika kwa sababu ushindi mdogo huja bila mpangilio, na akili hujifunza kuusubiri hata pale hesabu ya jumla inapoonyesha unapoteza tu. Faida ya kampuni imeshawekwa ndani ya mchezo kabla hujabonyeza. Kaanzie hospitali ya wilaya, uliza mtaalamu wa afya ya akili. Wakikupa rufaa ya Mirembe, hospitali ya afya ya akili iliyoko Dodoma, nenda. Najua watu wakisikia Mirembe wanacheka. Hezekia alipoumwa karibu na kufa, Mungu alimwahidi uzima, na Isaya aliyeleta ahadi hiyo ndiye aliyeagiza wachukue mkate wa tini waweke juu ya jipu. Hakuna aliyesema Hezekia ameutegemea mti.

Maombi sasa. Ombi lako la kila asubuhi liwe fupi na la siku hiyo tu: Bwana, leo siwezi, nishike. Usiahidi mwezi, usiahidi maisha. Zile nadhiri kwenye ukurasa wa mwanzo usizichane, mwonyeshe mchungaji, kisha usiandike nyingine. Na uwe na ndugu mmoja kwenye jumuiya, mwanaume mwenzako, ambaye unampigia kabla ya kubonyeza. Kabla, siyo baada. Baada utampigia pia, lakini kabla ndiyo kazi yake.

Inawezekana ukaanguka tena. Hapo ndipo utajua unamtegemea nani: anayejitegemea akianguka hujificha wiki mbili akitafuta mfungo wa kutosha wa kurudia kwa Mungu, wakati mlango haukufungwa hata siku moja. Petro aliambiwa atamkana Bwana kabla hajamkana, na kwenye mazungumzo yale yale akaambiwa, "nimekuombea wewe ili imani yako isitindike." Aliombewa kabla ya kosa, na Bwana alilijua lilivyo. Kwa hiyo ukianguka saa tatu usiku, saa tatu na dakika tano mwambie mkeo, na ombi la kesho asubuhi ni lile lile.

Umeniachia jambo moja ambalo hukuliuliza waziwazi, kama uendelee kuimba. Mchungaji ndiye atakayeamua. Akikuambia ukae chini miezi kadhaa, kaa kwenye viti vya waumini uimbe kutoka huko, besi inasikika popote. Akikuambia endelea, endelea bila kuona haya.

Niandikie tena ukishaongea na mkeo, siyo kabla.